Utepe kwenye fimbo ya lefse

Solfrid, shoga yangu, leo nimeumbuka mchana kweupe!

Mama mkwe, mama yake Torgeir, kaja kunywa kahawa. Mimi si nikanunua lefse dukani, zile chapati laini za Kinorwei, pakiti nikaizika chini ya pipa la taka, nikazinyunyizia unga zionekane nimezisukuma mwenyewe. Na shavuni nikajipaka unga!

Nikazipaka siagi, sukari na mdalasini. Kala ya kwanza. Akala na ya pili.

"Mwanangu, hizi umepika mwenyewe?"

Nami bila haya: "Tangu asubuhi, mama. Mgongo wote unaniuma."

Wee! Kainua macho ukutani, kwenye fimbo ya kugeuzia lefse aliyonizawadia siku ya harusi. Miaka sita hiyo!

"Sasa umezigeuza na nini? Mbona fimbo yangu bado ina utepe?"

UTEPE, Solfrid! Ule mwekundu wa zawadi! Fundo halijaguswa!

Torgeir kacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Akakimbilia kitambaa jikoni.

Tulipobaki wawili, mama kanifuta unga shavuni, akaninong'oneza:

"Na mimi nanunua dukani, mwanangu. Ila utepe wangu niliufungua mapema."