Sefu Alipokwenda Kuchota Maji

Arusha, nyuma ya boma

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo dada. Hapo Tanga hamjambo? Miguu ya mama inaendeleaje, na watoto wako wameacha kukohoa? Sisi ni wazima, tunashukuru, ila usingizi umenipungua na vifundo vya miguu vimeanza kuvimba kama ulivyonionya. Mtoto anacheza sana tumboni, hasa nikilalia ubavu wa kushoto.

Salamu za mama za kuniita nyumbani nijifungue zimenifika. Najua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini kwanza nikueleze wewe yaliyotupata juzi, ndipo utajua namna ya kumwambia.

Juzi ilirudi ile siku tuliyooana. Sisi hatuna desturi ya kuikumbuka, lakini bwana wa Sefu pale karakana ya useremala ya boma ni Mdachi, na kila mwaka siku kama hiyo yeye na mkewe hupanda farasi, wakashinda huko milimani, jioni wakala chakula kizuri. Basi Sefu akaniambia, "Farasi hatuna, miguu tunayo. Twende na sisi." Jioni tungekula mkahawani kwa Bi Tausi, yule Mnyamwezi anayepika pilau sokoni.

Mimi sikutaka. Tangu habari za vita zifike huku, wanaume wanashikwa njiani wakabebeshwa mizigo ya askari, na wengine hawajarudi. Sefu akasema mafundi wa boma hawashikwi, na kwamba nimejifungia ndani mno mpaka nimegeuka rangi. Nikafunga vitumbua kwenye jani la mgomba, tukatoka.

Dada, asubuhi ile ilikuwa nzuri. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka juu. Tulipanda polepole kati ya migomba ya Wameru, tukakaa kwenye majani juu ya kijito. Sefu alinichekesha kwa kuigiza bwana wake anavyomshika mkewe asianguke kwenye farasi. Tukala. Kisha akachukua kibuyu akateremka kuchota maji.

Hakurudi.

Mwanzo nilidhani ananitania. Nikaita. Nikateremka kwa kushikilia vichaka, tumbo likinitangulia, nikakuta kibuyu kimelala majini kimekwama kwenye jiwe. Ng'ambo alikuwako mwanamke wa Kimeru anakata majani ya ng'ombe. Kiswahili chake kidogo, lakini kilinitosha. "Askari wamemchukua," akasema. "Wamempa mzigo. Wamepita juu, kwa Mzungu wa ng'ombe." Akaniangalia tumbo, akaweka panga lake chini, akaja kunishika mkono mpaka nilipoiona njia.

Nilikwenda. Sijui nilipata wapi nguvu. Njia nzima nilikuwa nikisema na mtoto, nikimwomba atulie, asije akaniumiza huko porini. Nilipofika kwenye shamba la huyo Mzungu nikaona wanaume wameketi ukutani, masanduku mbele yao, na Sefu miongoni mwao, bega la kanzu limechanika. Aliponiona akatikisa kichwa nisisogee. Nikasogea.

Askari akaniuliza, "Unatafuta nini?"

"Mume wangu. Ni fundi wa boma."

"Kila niliyemshika leo ni fundi wa boma," akasema, na wenziwe wakacheka.

"Huyu ni kweli."

"Na kama ni kweli, mizigo ibebwe na nani? Na wewe?"

Nikaketi chini karibu na Sefu. Askari akasema niondoke, nikamwambia siwezi kusimama, na haikuwa uongo. Akasema nikizalia pale ni shauri yangu. Tulikaa hivyo, sijui muda gani, mpaka Mzungu wa shamba akatoka, akaamuru masanduku yaingizwe ghalani. Mizigo ilikuwa yake, safari ikaishia hapo. Wanaume wakaambiwa waende zao.

Tulipokuwa tunaondoka yule askari akamwita Sefu. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu, "Sura yako nimeishika. Safari nyingine ni ya mpakani, kwenye vita."

Kwa Bi Tausi tulikwenda, maana Sefu alisema hatatoa siku yetu sadaka kwa askari. Pilau ilikuwa na nyama nyingi, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka, nikawa nammegea mimi. Bi Tausi aliona, akaleta mafuta ya kondoo amchue bega, asiulize kitu.

Ndipo Sefu akasema, "Nenda kwa mama. Gari la moshi bado linatoka Moshi."

"Limejaa askari."

"Hata hivyo nenda. Wakinichukua, hapa utabaki na nani?"

Nikamwambia, "Na nikiwa Tanga, nani ataniambia kwamba wamekuchukua?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta uongo wa kunipa akaukosa. Mwisho akasema, "Basi kaa," akainama akala.

Kwa hiyo dada, siji. Mwambie mama kwa upole, usimwambie habari ya askari. Mwambie njia ni mbaya kwa mwenye mimba, nayo ni kweli. Akikasirika mwache akasirike, lakini aniombee. Mkunga nitamtafuta hapa hapa. Wanawake wa huku nao huzaa.

Nisalimie mjomba, mwambie mikeka aliyotusukia tunaikalia kila siku. Nisalimie wifi yetu, na shangazi wa upande wa baba.

Sefu yuko kazini leo. Jua limeshuka na mafundi wengine nimewasikia wakipita. Kila kishindo cha viatu naacha kalamu. Sasa kuna mtu anapiga hodi. Ngoja.

Ni yeye. Leo ni yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanahamisi