Mgeni Katika Nyumba Niliyozaliwa

Jumanne, 5 Novemba

Nimefika Kuresawa, kijiji chetu cha milimani. Mtaa ni uleule — nyumba za mbao nyeusi zimeegemeana kama walevi, hakuna gari, hakuna hata waya wa umeme unaoonekana. Matunda ya kaki, ya rangi ya machungwa, yamemenywa na kutundikwa barazani yakauke.

Nyumba niliyozaliwa sasa ni ya kulaza wageni wa kulipa. Mtaa wote umehifadhiwa kama kumbukumbu: marufuku kuuza, marufuku kubomoa. Kwa hiyo kaka alipohama alimwachia jirani aitunze. Na jirani ni nani? Tadaoki! Yuleyule ambaye angenioa, kama baba asingempenda zaidi mwuza vitambaa wa Osaka.

Ameniinamia mlangoni. "Karibu sana, mteja." Mteja! Kisha akacheka mpaka akakohoa. Kazeeka. Mwanya wake bado upo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimelala chumba cha mama. Nguzo zinanukia moshi, kama zamani. Tadaoki huwasha moto sebuleni kila siku, hata asipokuwa na mgeni — moshi ukikosekana, wadudu watakula mbao. Nikamuuliza, huchoki? Akasema amezoea kulinda nyumba za watu waliokwenda zao.

Nikapuliza chai. Ilikuwa imeshapoa.

Alhamisi, 7 Novemba

Watalii wengi. Nilikuwa nafagia majani mlangoni — nani kanituma? Ufagio ulikuwa pale, mikono ikauchukua yenyewe. Msichana wa Tokyo akaomba kunipiga picha.

"Bibi, umeishi hapa maisha yako yote?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Bila hata kupepesa. Akaniambia nina bahati sana.

Tadaoki kumbe yuko ndani, kasikia yote.

"Bibie, umemdanganya mtoto wa watu."

"Nimemdanganya. Utanifunga?"

Hakucheka. Akageuza samaki motoni. Mkewe alifariki kitambo. Mume wangu, masika haya. Hatujawataja hata mara moja.

Baadaye akasema, macho kwenye makaa: "Baridi ikikaza wageni hawaji. Chumba cha mama yako kitakaa kitupu. Moto nitawasha vilevile."

Basi. Nami, mjinga, nikasifu samaki.

Ijumaa, 8 Novemba

Mwanangu Shohei amepiga simu. Watanipokea stesheni, mjukuu ananililia. "Mama, usikawie huko milimani." Nikasema sikawii.

Tadaoki amenibebea begi mpaka kituoni. Njia nzima tumezungumzia theluji — theluji yenyewe haijaanguka! Akaweka begi kwenye benchi, akainama, chini kuliko siku ile mlangoni. Nikadhani anaondoka. Haondoki. Amesimama pale anasoma ratiba ya basi. Ratiba ya mabasi mawili tu kwa siku! Miaka yote hii hajaikariri?

Mgongo wake umepinda kidogo upande wa kushoto. Sikuuona ukipinda.

Basi limefika. Mlango uko wazi. Dereva ananiuliza, mama, unapanda au unaandika?

Nimemwomba anisubiri kidogo.

Amezima injini. Tadaoki bado hajageuka, na mimi naweka kalamu nikamwambie chumba cha mama hakitakaa kitupu.