Kompyuta Niliyoibeba Mgongoni

Moshi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mwangaluka. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika ikiwa imefungwa, au ilikuwa imeshafunguliwa? Niambie ukweli. Alivyokuwa akiipokea alitabasamu sana, na mimi mtu anayetabasamu sana simwelewi. Tumbaku imekauka vizuri? Na Jonasi wangu je, anakula? Bado analala ameshika sikio lako?

Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku mlimani inaingia mpaka kwenye meno. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya jirani yetu Mwalimu inapiga kelele mno. Siku ile uliponiuliza, "Salome, hiyo kazi ya kurusha picha za vijana ni kazi gani?" nilisikia watu wakicheka nyuma yako, na mmoja akasema, "Muulize kama huko wanapigwa picha wakiwa wamevaa." Niliona aibu mama, nikakata simu nikasingizia salio. Lakini uliposema mtoto hatoki hapo mpaka uijue hiyo kazi, sikukasirika. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Basi soma mwenyewe polepole, na ukishindwa mpe mdogo wangu Sofi akusomee. Usimpe Mwalimu.

Mama Glory, tajiri yangu, ni mwanamke wa Kibosho. Nyuma ya duka lake ana ukumbi wa gemu. Vijana wanakaa kwenye mabenchi, kila mmoja ameshika kitu chenye vitufe, wanaita pedi, wanacheza mpira ndani ya TV. Wamevaa mama, tena wengine wamevaa makoti mawili. Kazi yangu ni kupokea hela, kufagia, na kuwaangalia mikono. Pedi mbili zilipotea kabla ya Krismasi. Nalala kwenye kona ya stoo, ndiyo maana sijaweza kumleta Jonasi. Uani kuna chumba kizuri chenye dirisha, ila Mama Glory amekijaza magunia ya ulezi wa kupikia mbege, pombe yao ya huku.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi na mbili Wachaga wote wanarudi nyumbani, hata wale wa Dar. Ukumbi unajaa mpaka mlangoni. Januari wanaondoka, na mabenchi yanabaki na mimi. Kuna kijana wa Dar, siku ya kuondoka akaniambia, "Dada, si mngerusha laivu? Tungewacheki hata tukiwa Dar. Yaani kuna jamaa wa Marangu amenifunga, namtaka kisasi." Nikampelekea Mama Glory hilo neno. Akanitazama kama aliyesikia nimeomba mshahara wa mwaka.

"Kinahitajika nini?"

"Kompyuta ile kubwa tunayo. Anasema inatakiwa kadi ya kunasia picha. Wanaiita kapcha kadi."

"Haya, kaichague wewe. Mabenchi yangu yakikaliwa mwezi huu, magunia yatatoka kwenye kile chumba. Ukininunulia takataka, usinitajie tena habari ya chumba."

Mama, nilikwenda stoo nikapiga magoti.

Kumbe kadi ziko za aina mbili. Ya nje ni kama kipande cha sabuni, unaichomeka kwa waya ubavuni mwa kompyuta. Ya ndani haina hata nguo, ni ubao wenye vyuma vidogo vidogo, unasimamishwa ndani ya tumbo la kompyuta na kufungwa kwa skrubu. Elibariki, mtoto wa kaka yake Mama Glory ambaye ndiye fundi wetu, alitaka ya nje.

"Ya nje ni rahisi, Salome. Unachomeka, unachomoa, hata kuazima unaazimisha."

Neno hilo la kuazima likanichoma. Kitu kinachochomolewa na kuingia mfukoni kitakaa wiki ngapi katika ukumbi ambao pedi zinapotea? Na Elibariki ndiye mwenye koti lenye mifuko mingi kuliko wote. Nikasema moyoni, ya ndani. Atakayeitaka aje na bisibisi, na mimi nitakuwepo.

Nikaenda kwa Mzee Karsan, Mhindi mwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini. Nikamwamkia. Badala ya kunionesha kadi akaanza maswali.

"Kompyuta yako nene au nyembamba? Kuna nyembamba, kadi haiingii. Ndani kuna tundu refu wazi? Au yote mafupi?"

Nikajua ananipima kama ni mjinga. Mtu akijua hujui, anakuuzia hata kifuniko cha sufuria. Nikamjibu, "Wewe nioneshe kadi, mengine ni yangu."

"Mama, mimi nauza leo, kesho unarudi unalia. Lete kompyuta nipime."

Hapo ndipo nikashtuka zaidi. Nilete kompyuta? Niiache, halafu jioni nipewe tumbo tupu? Lakini kuinunua kadi bila kuijaribu nako ni wazimu. Nikapata shauri langu. Nitaipeleka, na sitaiacha. Bodaboda nikaiogopa, maana wanaruka matuta kama mbuzi. Nikachukua ile kanga uliyonipa, ya Jonasi, nikaifunga kompyuta mgongoni. Mashine ya gemu, ile inayopeleka mchezo kwenye TV, nikaitia kwenye kikapu, nikafunika na majani ya ndizi.

Usicheke mama. Nilitembea hivyo mjini mchana kweupe. Bibi mmoja wa Kichaga akanifokea, "We mama, funika mtoto kichwa, huoni baridi?"

"Huyu hasikii baridi, bibi."

Akaja kufunua mwenyewe. "Yesu wangu! Mtoto ana matundu!"

Vijana wa bodaboda nao wakapata la kusema. "Dada, baba yake ni redio?" Mwingine akasema, "Mnyonyeshe umeme huyo." Nilicheka, lakini mkono wangu ulikuwa nyuma, nashikilia. Mama, nikwambie kitu. Uzito ule ulivyokuwa unanibana mgongoni, kuna mahali nilisahau kuwa ni chuma. Nikajikuta naitikisa kidogo, kama anavyotikiswa mtoto asiamke.

Mzee Karsan hakucheka. Alisogeza vitu mezani akafungua kompyuta mbele yangu. Tundu refu lilikuwepo. Akatoa kadi mpya. Mimi nikalikagua lile boksi, gundi ya mfuniko nikaipitishia ukucha kuona kama imebandikwa mara mbili. Akafunga kadi, akachomeka waya kutoka kwenye gemu kuingia kwenye kadi, na mwingine kutoka kwenye kadi kwenda kwenye TV ya dukani. Akawasha.

Giza. Kwenye kioo alichoiunganishia kompyuta, giza tupu.

Nikasema, "Nilijua."

"Ngoja mama, si kadi. Gemu yako imefungwa."

"Gemu yangu jana wamecheza kutwa nzima! Leo imefungwa na nani?"

Wakati huo huo nani akaingia? Elibariki, na koti lake. Eti Mama Glory amemtuma aone kama nimefika salama. Akaangalia kile kioo cheusi, akamwangalia Mzee Karsan, na Mzee Karsan akamwangalia yeye. Mama, yale macho! Nikajua hawa ni wamoja, wamepanga tangu jana. Nikaishika kompyuta kwa mikono miwili.

"Salome, kuna kufuli humo ndani ya gemu," Elibariki akasema. "Wanaiweka watengenezaji ili mtu asinakili sinema. Inatolewa kwenye mipangilio."

"Itoe nikiona. Na kila unachobonyeza unitajie."

Akabonyeza huku ananitajia kama mtoto anayesoma katekisimu. Mara uwanja ukatokea kwenye kompyuta, wa kijani, na wachezaji wamesimama wanasubiri. Mzee Karsan akacheka. "Mke wako mkali," akamwambia Elibariki.

"Si mke wangu, mzee. Ni askari wa shangazi."

Sikuridhika bado. Nikasema nataka kuona na ile ya nje, tena ile ile ambayo Elibariki aliitaka. Wakaichomeka. Nikashika pedi nikapiga mpira. Nimeshabonyeza, mguu kwenye kioo bado uko chini, ndipo unainuka! Mzee akaeleza kuwa ile ya bei ndogo haina mlango wa kupeleka picha moja kwa moja kwenye TV, mchezaji anatazama iliyochelewa. Vijana wangu wangeniua. Basi nikachukua ya ndani. Mimi niliichagua kwa kuogopa wezi, ikawa nzuri kwa sababu nyingine kabisa. Bei yake siandiki, usije ukashika kichwa. Kadi ilibaki humo humo ndani, nikafunga kanga, nikarudi kama nilivyokuja.

Ili uelewe inavyofanya kazi, Mama Glory mwenyewe ndiye aliyenieleza vizuri. Huku mlimani wana mifereji inayotoka juu msituni, inapita kwenye migomba ya kila mtu. Maji yanakwenda kwa jirani, lakini yakipita kwako unachota ndoo yako na mfereji hausimami. Picha inatoka kwenye gemu kwenda kwenye TV, na ile kadi inachota njiani, kompyuta inaipeleka kwenye mtandao. Inachota gemu tu mama. Chumba haikioni, mimi hainioni, na kama kuna mtu hajavaa koti haimwoni. Jumamosi ya kwanza walitazama watu wa Dar na hata kijana mmoja aliye Tarakea mpakani. Sasa wa Marangu anataka binamu yake wa Dar amwone akishinda, na wa Kibosho hakubali Marangu waonekane peke yao. Mabenchi yamejaa. Tena nimeona kwamba unaweza kumpa mchezaji jina unalotaka. Golikipa wetu anaitwa JONASI. Kila akidaka vijana wanapiga kelele, "Jonasi! Jonasi!" nami naenda kufagia nje.

Lakini roho yangu haikutulia. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu, nikapaka juu ya kila skrubu ya kompyuta. Mtu akifungua, rangi inapasuka, na mimi nitajua. Kila asubuhi nilikuwa naangalia skrubu kabla sijanawa uso.

Jumatatu hii rangi ilikuwa imepasuka.

Nikachukua bisibisi. Nikafungua, kadi ipo. Nikaitazama sana, ni ile ile. Sasa nani amefungua, na kwa nini? Nikaenda moja kwa moja mpaka alipokaa Elibariki anakunywa chai. Nilisimama tu na bisibisi yangu.

Akainua mikono. "Salome, mimi siku hizi hata nikipita karibu na hiyo kompyuta naweka mikono kichwani. Muulize mtu yeyote."

"Mwache huyo kijana." Ni Mama Glory, anatoka jikoni na bakuli la mtori wa ndizi. "Niliyefungua ni mimi."

Nikaishusha bisibisi.

"Kila siku mnaniambia kitu kiko ndani, kiko ndani. Marehemu mume wangu naye aliniambia hela iko ndani ya kahawa, miaka yote hiyo. Nikasema, hiki chuma kilichomeza hela yangu nitakiona kwa macho yangu." Akaweka bakuli chini. "Na hiyo nyekundu kwenye skrubu ni nini? Nilifikiri imeota kutu."

Nikamweleza. Akacheka mpaka kilemba kikadondoka, na Elibariki akamwaga chai kwenye lile koti lake. Kisha Mama Glory akaacha kucheka. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo.

"Hamisha magunia yangu mwenyewe. Na uyahesabu mbele yangu, mimi nikihesabu pamoja na wewe."

"Aika mae," nikamwambia. Ni asante yao huku.

Tuliyahesabu, mama. Yalitimia. Chumba nimekifagia, nimeweka kitanda na neti. Dirisha linatazama mlima, ingawa siku nyingi mlima wenyewe umejificha kwenye mawingu, nao haupendi kuangaliwaangaliwa. Pedi zile mbili mpaka leo sijui nani alichukua. Elibariki bado namtazama, lakini sasa namtazama akiwa anakunywa chai yangu.

Sasa ninakuomba. Jonasi usimpe mtu yeyote wa kumleta. Usimpe yule dereva, wala mtu anayesema anakuja Moshi kesho na anatujua. Mlete wewe mwenyewe. Njoo uone ukumbi, uone vijana na makoti yao. Na kama bado utakuwa na wasiwasi, sitaona vibaya. Skrubu nimezipaka rangi upya, na bisibisi iko juu ya dirisha. Fungua mwenyewe uangalie ndani.

Nisalimie Sofi, umshukuru kama amekusomea, shangazi yangu mwenye mizinga ya nyuki, na mjomba anayechunga ng'ombe kule bondeni. Mwalimu naye msalimie, simu ni yake, lakini barua usimwoneshe. Mungu akulinde, na mguu wako upone uweze kupanda basi.

Mwambie Jonasi ile kanga yake niliyobebea kompyuta nimeifua. Nimeifua mara mbili, mpaka harufu ya vumbi la chuma imetoka. Najua amekuwa mkubwa na miguu itaning'inia. Nitambeba hivyo hivyo kutoka stendi.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Salome, Mama Jonasi