Anayekisia na Anayepima

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Nyamache tu wazima, chai imechipua vizuri, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kama uziache kompyuta za kawaida ukasomee hizi za kwantamu.

Nilipokuwa nimeolewa juzi tu, mimi na wifi yangu Moraa tulikuwa tukipakia ndizi kwenye pikapu ya kwenda sokoni Mosocho. Mikungu iliyokosa nafasi ilituozea. Moraa alitazama tu, akasema, "Huu hapa, ule kule." Nikapima kwa kamba.

"Mlango haufungi, wifi!"

"Basi ngoja nikisie tena, mama kamba!"

Akakisia, nikapima, mpaka yote ikaingia. Nilipopakia peke yangu, dereva alichoka kuningoja akaondoka. Moraa peke yake alipakia upesi, ndizi zikapondeka.

Umeniandikia kwamba mashine mpya ya kwantamu inajaribiwa kukisia njia za malori ya chai, na ile ya kawaida inapima na kuirudishia makosa ikisie tena. Basi soma zote mbili. Ila hadi leo sokoni Mosocho wanamsifu Moraa tu. Hiyo mpya ikisifiwa, mama, itaje na ile inayopima.

Nyanya yako