Ubeti wa Esperansi

Dada Tabitha, shikamoo.

Mgebuka, samaki wa huku Kigoma, ni mtamu, ila leo mchana umenishinda kula. Tunarekodi albamu ya Injili, magitaa yetu pamoja na kwaya ya wakimbizi kutoka Kongo. Kuna ubeti hawauimbi kabisa. Wanamwachia Esperansi, mwenzao aliyezama ziwani wakivuka kuja huku. Hapo napiga gitaa peke yangu.

Tuliporudisha kanda tusikilize, pale pale sauti ya mwanamke ilikuwa inaimba.

Unazijua hasira zangu. Nikafoka: nani kaimba? Tufute, turudie!

Mwalimu wa kwaya akanishika mkono. "Usifute, ndugu. Mama yake Esperansi yuko njiani anakuja kumsikia."

Wapakate watoto kwa ajili yangu, dada, na uniombee. Kesho wanataka niongeze maikrofoni moja, ya Esperansi.

Mdogo wako, Elia