Musalaba mwekundu ku nyumba ya Papa

Cimpunda, siku ya Ijumaa

Yaya Idrissa, mukubwa wangu,

Unaamuka je kule Uvira? Huku mvua haikatike. Maman anakohoa kidogo, lakini anakula.

Mupangaji wetu Évariste nilimupa préavis ya kuhama ya miezi tatu, sawa vile avoka, mwanasheria wangu, alinishauri. Akakataa kutoka. Akanionyesha karatasi: ulimuuzisha nyumba Papa alituachia, na jina langu ukaliandika kwa mukono wako.

Avoka anasema kesi ku tribunal itachukua miaka. Mimi sina miaka.

Unakumbuka Papa alijenga juu ya mufereji, bila autorisation, ile ruhusa ya kujenga, akatukataza kusema? Jumatatu nilienda mwenyewe kwa watu wa urbanisme, wale wanaosimamia ujenzi, nikasema. Jumatano walikuja na rangi, wakapiga musalaba mwekundu ku mulango. Nyumba ni ya kubomolewa.

Nililia, Yaya. Ilikuwa nyumba ya Papa. Kisha nikapika chai, nikamweleza Évariste polepole kwamba ulijua yote na bado ukamuuzisha. Akauliza unaishi wapi. Nikamuomba akupelekee hii barua.

Ni yeye huyo amesimama mbele yako. Mupe kiti.

Mudogo wako,
Rahima