Vidonge vya Damu na Chai ya Mama

Jumatano, Kismayu. Joto tangu alfajiri, na mimi sina raha.

Leo nimempeleka Rehema kliniki. Ametimiza miezi mitano, ananyonya tu, hana neno. Mwenye neno ni mimi: kila nikiinama kufua naona kizunguzungu. Nesi akanivuta kope la chini, akaangalia, akaguna. Akauliza kama nameza vile vidonge vya kuongeza damu.

Nameza! Tena viwili badala ya kimoja, changu na cha mtoto, nikidhani chake kitapitia kwenye maziwa. Nilijiona hodari kweli.

Nesi alicheka, kisha akanigombeza. Kimoja kinatosha. Madini ya chuma hayapiti kwenye maziwa ila kidogo sana, hata nikimeza mkebe mzima. Rehema alizaliwa na akiba yake, na akifika miezi sita ataongezewa kwa chakula: samaki, maini, maharage ya kuponda. Vidonge ni vyangu mimi. Halafu akauliza navimeza na nini.

Na chai.

Kumbe chai inaizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Miezi mitano nimejisumbua bure.

Sikumwambia kwa nini ni chai. Tulipokuwa kisiwani Kudhaa, Mama hakunipa dawa bila kikombe cha chai ya maziwa yenye hiliki, na hakuondoka kitandani pangu mpaka nimalize. Sasa yuko Mombasa, na mjukuu wake anamwona kwenye simu tu. Arobaini yangu ilipita bila yeye. Hakuna aliyenikanda wala kunipikia supu ya pweza. Kwa hiyo kila asubuhi napika ile chai na kumezea kidonge, nikijidanganya kwamba yupo. Nina hamu naye mpaka naona haya, mtu mzima mimi.

Akipiga simu huuliza, "Mtoto yu mzima?" Nami hujibu mzima. Kisha huuliza kwa Kibajuni chetu, "Na wewe, mchu wa kukupikia ni nani?" Hapo humgeuzia Rehema simu, wacheke.

Leo sikuigeuza.

Nilimwambia, "Mama, mimi si mzima. Nakutaka uje."

Nikamsikia akimwita jirani amsaidie kushusha begi lililo juu ya kabati.

Kesho kidonge nitakimeza na maji. Chai ya hiliki nimeiacha, aje aipike mwenyewe.